Mwongozo wa Mwisho Uko Shingoni mwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama msaada umekwisha kwa wiki hii basi naomba tu unisome mpaka chini kabla hujanicheka, maana nilipomweleza dada yangu alianza kwa kucheka, na tulipofika mahali pa kulia akawa ameshachoka.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto, nafanya kazi katika shirika dogo lisilo la biashara linalofundisha familia kumtunza mgonjwa aliyepooza akiwa nyumbani, jinsi ya kumgeuza kitandani asipate vidonda, jinsi ya kumwogesha, jinsi ya kumlisha, na shirika lenyewe lilianzishwa na mama mkwe wangu, muuguzi mstaafu, ambaye alimuuguza baba mkwe baada ya kiharusi hadi Mungu alipomchukua, kisha akaigeuza sebule yake kuwa ofisi, kwa hiyo meza ninayofanyia kazi leo ndiyo niliyolia chakula siku niliyoletwa kutambulishwa ukweni. Yeye ni mwenyekiti, mimi ni msimamizi wa nyaraka, na mume wangu, ambaye hafanyi kazi pale, ndiye anayeombwa ushauri na pande zote mbili, naye hana.

Roho ya shirika letu ni kijitabu tunachokiita Mwongozo, ambacho kila familia hupewa ikimaliza mafunzo ili ikakiweke karibu na kitanda cha mgonjwa, na taabu yetu ilikuwa kwamba kila mtu ofisini alikuwa na wake, kwenye kompyuta kulikuwa na faili liitwalo Mwongozo, na jingine Mwongozo Mpya, na Mwongozo Mpya Sahihi, na Mwongozo wa Mwisho, na Mwongozo wa Mwisho wa Kweli, na moja liitwalo Mwongozo USIGUSE, na chini yake Mwongozo USIGUSE Umeguswa, na mama mkwe alikuwa na wake kwenye flashi anayoivaa shingoni pamoja na funguo za nyumba, huo hakuna aliyewahi kuuona ila yeye.

Basi nikapelekwa semina ya mashirika, nikafundishwa udhibiti wa matoleo, yaani waraka unakaa mahali pamoja mtandaoni, wote mnauandikia palepale, kila badiliko linaonyesha nani kalifanya na kwa sababu gani, na toleo la jana linabaki nyuma limelala, ukilihitaji unaliamsha. Nilirudi kama mtu aliyeokoka. Nikachagua nakala iliyokuwa na nafuu, nikaipandisha mtandaoni, nikaisafisha, nikawakusanya wenzangu nikawaambia kuanzia leo huu ndio Mwongozo, nyingine zote ni marehemu, na mbele yao, kwa heshima zote, nikamwambia mama mkwe kwamba mtindo wa kutembea na nakala shingoni ni wa kizamani. Akasema, "Sawa, mkamwana." Mshauri, katika familia hii "sawa" ya mama mkwe ni mlango unaofungwa taratibu.

Baadaye daktari tunayeshirikiana naye akatuambia ukurasa wetu wa kulisha una kosa, sisi tuliandika mgonjwa aegemee mito na kichwa kilale nyuma kidogo ili chakula kiteremke, kumbe kwa mgonjwa aliyelegea koo hivyo ndivyo chakula kinavyopotea njia kikaenda mapafuni, anatakiwa aketi wima, kidevu kishuke, apewe kijiko kidogo kimoja kimoja, na asilazwe mara tu akimaliza. Mama mkwe akaniambia, "Rekebisha." Nikarekebisha siku hiyohiyo, palepale mtandaoni, na sababu nikaandika. Kisha kijitabu kikaenda kuchapwa, na anayekipeleka kuchapwa ni mwenyekiti, ndiyo desturi yetu tangu mwanzo.

Sasa kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa mabasi, watu wanamwita Breki kwa sababu katika maisha yake yote barabarani hakuna aliyemwona akikimbiza gari, mkewe kapooza upande mmoja na anamuuguza peke yake. Alihudhuria mafunzo yangu, alikaa mbele, nikamfundisha kwa mdomo wangu habari ya kuketi wima na kidevu, akaitikia kwa kichwa, akapewa kijitabu akaenda. Jumatatu iliyopita akaja ofisini, akakataa kiti, akafungua ukurasa wa kulisha, akauweka mbele yangu.

"Nisomee hapa," akasema.

Nikasoma. Mito. Kichwa kilale nyuma.

"Ndivyo nilivyofanya," akasema. "Akapaliwa. Kesho yake homa, keshokutwa tuko wodini, wanasema mapafu."

Nikamwambia, "Lakini mzee, mimi nilikufundisha tofauti."

"Nakumbuka. Ila nilifika nyumbani nikaona kitabu kinasema vingine, nikajiambia, masikio yangu yanazeeka, maandishi hayazeeki. Alama ya barabarani ikisema kushoto sikati kulia eti kwa sababu nakumbuka."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata la kufanya.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaja, akakichukua kijitabu, akausoma ukurasa ule amesimama, akaniuliza, "Si nilikwambia urekebishe?"

"Nilirekebisha, mama."

"Mbona humu haimo?"

Nikafungua mdomo nikaufunga. Mgeni alikuwa amesimama pale, na mama mkwe hujibizani naye mbele ya mgeni, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini mshauri, mimi nilishajua, kwa sababu nilipokuwa namsomea mzee niliona upande wa pili ukurasa mwingine unaoitwa Siku Mbaya, ambao niliuondoa nilipokuwa nausafisha ule wa mtandaoni kwa kuwa haukuwa na maelekezo yoyote ya kitabibu, ulikuwa unasema mgonjwa akikutukana usimjibu, toka nje, hesabu majani ya mti ulio karibu, kisha rudi, aliyetukana ni maradhi si yeye. Mwongozo wangu hauna ukurasa huo. Nakala iliyokwenda kuchapwa ilitoka shingoni mwake, ikiwa na ukurasa wake wa Siku Mbaya na ile mito ya zamani.

Yeye hajui. Nakuapia hajui. Yeye anaamini Mwongozo ni mmoja, kwamba mimi nikirekebisha basi umerekebishika popote ulipo, hata kwenye flashi, na sasa anaamini sikurekebisha. Ameitisha kamati Alhamisi ijayo, na neno lililoandikwa kwenye mwaliko ni "uzembe." Mume wangu nilipomweleza alisema, "Mama ni mama." Nikamuuliza, na mimi? Akasema, "Wewe unaelewa." Wenzangu wameanza kuniwekea chai mezani bila kuongea, kama mtu aliyefiwa. Nikisema ukweli mbele ya kamati nitakuwa nimemvua nguo mama mkwe mbele ya watu aliowakusanya mwenyewe, nikinyamaza basi mimi ndiye niliyemlaza mke wa Breki wodini, na jambo hilo nitalibeba hadi uzeeni. Nimekosa usingizi na nimekosa hamu ya kula kwenye ile meza. Niseme au ninyamaze?

Ni mimi,
Mkamwana wa Ofisini

Namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi, lakini usinipigie saa za kazi, yeye hukaa karibu.

MSHAURI ANAJIBU

Mkamwana wa Ofisini,

Nilikupigia saa za kazi. Kwanza wasomaji wajue kwa nini barua hii haikungoja zamu yake.

Niliisoma asubuhi na chai mkononi, nikarudia mara ya pili nikitafuta sentensi moja tu, sikuiona. Umeniandikia habari za mume, dada, meza, chai ya wenzako na mlango unaofungwa taratibu. Hukuandika hata neno moja kuhusu vile vijitabu vingine. Ndiyo maana ulipopokea simu sikukusalimia.

"Vilichapwa vingi?" nilikuuliza.

"Vingi," ukasema.

"Viko wapi?"

"Majumbani kwa watu. Karibu na vitanda."

"Nani anavikusanya?"

Ukaniambia mnangoja kamati. Mwanangu, koo la mgonjwa halingoji kamati. Wakati wewe na mama mkwe mkiviziana juu ya nani mwenye kosa, kulikuwa na binti mahali fulani anamlaza baba yake kichwa nyuma kwa sababu kitabu chenu kimemwambia. Nilikuagiza uanze kuzipigia familia zote kabla ya kula mchana, uwaambie wauchane ukurasa wa kulisha, na uwasomee ulio sahihi polepole waandike. Jioni ulinipigia kusema umezipata zote isipokuwa familia moja iliyohama, na kwamba hiyo umeifuata kwa miguu kwa majirani zao hadi ukaipata. Kwa hilo nakupongeza, na pongezi zangu zinaishia hapo.

Sasa tuje kwenye habari yako na mama mkwe, ambayo ni kubwa lakini haiui mtu.

Pole. Kufanya kazi chini ya mama mkwe ni mtihani. Kufanya kazi sebuleni kwake ni mitihani miwili. Umelelewa vizuri, umejua kuufunga mdomo mbele ya mgeni, wengi hawajui. Lakini kuna kunyamaza kwa adabu na kuna kunyamaza kwa kukusanya ushahidi, na mimi nilipofika kwenye ile sentensi yako ya "mimi nilishajua" niliona umeshahama kutoka kule kuja huku. Tangu Jumatatu unajua kosa lilikotoka na anayelaumiwa ni wewe, na kuna sehemu ndogo ya moyo wako inayoisubiri Alhamisi kwa hamu. Usinibishie, nimesoma barua za wakamwana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Halafu nikuulize. Kwa nini mama huyu, aliyekuwepo ulipotangaza Mwongozo mpya, akasema sawa, na aliyekutuma wewe mwenyewe urekebishe, alirudi kwenye flashi yake? Wewe umejibu kwamba ni mtu wa kizamani. Mimi naona jibu liko kwenye barua yako na hukulisoma. Ukurasa wa Siku Mbaya umeuandika hapa karibu neno kwa neno. Umeufuta kwenye waraka, ukaubakiza kichwani. Unadhani mgonjwa aliyekuwa anatukana humo ni nani? Ni mgonjwa wa kubuni? Mwanamke huyu alimuuguza mumewe miaka na miaka, akatukanwa na mtu aliyempenda, akatoka nje akahesabu majani ili asimjibu, akarudi ndani. Ndicho alichojifunza, akakiandika ili mwingine asijifunze kwa machozi. Wewe ukatoka semina na ufagio, ukaona hakuna maelekezo ya kitabibu, ukafagia.

Hakuna aliyeniambia yafuatayo, nabahatisha kwa umri wangu tu: mama alikwenda mtandaoni kama ulivyomwelekeza. Akatafuta ukurasa wake. Hakuuona. Akafunga kompyuta, akasema moyoni kwamba hicho kitu chenu kinameza watu, na walau shingoni mwake mumewe yuko salama.

Ulimfundisha kwamba mtandaoni ndiko kunakofutiwa. Hukumfundisha kwamba mtandaoni ndiko kusikopotea kitu. Hayo mawili yalikuwa kwenye semina moja, wewe umerudi na nusu.

Wala usidhani nawacheka. Gazeti hili ninaloliandikia liliwahi kutangaza harusi ya watu waliokuwa wameshaachana, kwa sababu mhariri alichukua nakala ya zamani kutoka kwenye barua pepe yake badala ya ile iliyorekebishwa. Bwana harusi alikuja kuomba nakala zaidi, alisema ilikuwa picha nzuri. Kwetu ilikuwa aibu ikapita. Kwenu ni mapafu ya mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Alhamisi. Nenda kwa mama mkwe wako kesho mchana, usiende na mumeo, yeye muache huko anakoelewa. Nenda na kompyuta. Anza na kosa lako, si lake: mwambie nilifuta ukurasa wako bila kukuuliza. Kisha mwonyeshe toleo la zamani lililolala, liamshe mbele ya macho yake, ausome. Ukishamaliza hapo, na si kabla, mfungulie kijitabu kilichochapwa na umwache alinganishe mwenyewe. Ni muuguzi, kulinganisha anajua. Usiseme "unaona."

Baada ya hapo shirika lenu liwe na sheria moja ngumu: kinachochapwa kinatoka mahali pamoja tu, na hakitoki mpaka mama ausome waraka ulivyo pale na kuandika jina lake kwamba ameupitisha. Yeye ndiye muuguzi, yeye ndiye atakayefunga toleo. Kazi yako ni kutunza mlango. Kila kijitabu kiandikwe mbele, kwa herufi ambazo Mzee Breki atazisoma bila miwani, ni toleo la lini na kwamba la kabla yake lisitumike. Yeyote anayetaka kubadili kitu, abadilishe palepale na aandike sababu kwa lugha ya binadamu. Mkishindwa kuiandika sababu, basi hamjawa nayo. Yale mafaili mengine, ya mwisho, ya mwisho wa kweli na lile lililoguswa, usiyafute kwa hasira, yahamishe mahali pasipoandikika, yabaki ya kutazamwa tu. Na usifute tena maneno ya mtu aliye hai, mwenye simu, anayekaa chumba cha pili, kabla hujamuuliza.

Kuhusu kamati: niseme au ninyamaze, si swali lako tena. Ukifanya la kesho vizuri, mwenye kusema atasema mwenyewe. Akinyamaza, utasema wewe, mbele yake, kwa upole, na utaanza na ukurasa ulioufuta. Lakini hodi ya kwanza ni yake.

Na Mzee Breki hahitaji maelezo ya mitambo. Nendeni wodini. Mkaombe radhi.

Mshauri wako

MWENYE BARUA ALITUANDIKIA TENA. TUMEPEWA RUHUSA.

Mshauri, nilikwenda. Nilimkuta anakunja mashuka ya mafunzo.

"Mama, nimekuja na ukurasa wako," nikasema.

"Upi?"

"Ule nilioufuta bila kukuuliza. Nimekosa."

Akamaliza kulikunja shuka lile, akaliweka juu ya mengine, akakaa. Nikarudi nyuma toleo kwa toleo mpaka Siku Mbaya ikatokea kwenye kioo. Aliusoma wote, midomo inacheza kama mtu anayesali.

"Ulikuwa humu siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Kwa hiyo kwenye hiki kitu chako mtu akifuta hajafuta."

"Anakuwa ameweka nyuma tu."

"Ungesema hivyo siku ile, badala ya kusema mimi ni wa kizamani."

Kisha nikampa kijitabu na nikamfungulia ukurasa wa kulisha kwenye kompyuta. Alitazama huku, akatazama kule. Akarudia. Akavua miwani.

"Ni mimi," akasema.

"Ni sisi, mama."

"Usinipambe. Ni mimi."

Tulikwenda wodini pamoja, yeye mbele. Mke wa Breki alikuwa ameketi wima, mumewe anamlisha kijiko kimoja kimoja, taratibu kama unavyoweza kudhani. Mama mkwe akamwambia Breki, "Kitabu kilichokudanganya kilitoka mikononi mwangu." Breki akakiweka kijiko chini. Akasema, "Nashukuru umekuja mwenyewe," kisha akaomba kile cha zamani kiondolewe kabisa, vitabu viwili hawezi kukaa navyo nyumba moja. Mkewe sasa yuko nyumbani, bado ni dhaifu, lakini anakula.

Alhamisi mama hakuniacha nifungue mdomo. Alisimama akasema nakala ilitoka kwake, akaeleza ilivyotoka, akakaa. Kisha akaiambia kamati kwamba na mimi nina la kusema, nami nikalisema langu la kufuta. Neno "uzembe" walilihamisha kutoka kwenye jina langu wakaliandika kwa wingi, shirika zima. Mume wangu aliuliza jioni kama mambo yamekwenda sawa, mimi na mama tukamwambia anaelewa.

Ukurasa wa Siku Mbaya umerudi kwenye Mwongozo. Wiki iliyopita nilimfungulia mama akaunti yake ili awe anaandika mwenyewe, na badiliko lake la kwanza alilifanya kwenye ukurasa huohuo. Mwishoni mwake kulikuwa na sentensi fupi: "Usichoke." Ameiondoa, mahali pake ameandika: "Ukichoka, mwite mtu."

Kwenye nafasi ya sababu aliandika hivi: "Nilipoandika usichoke sikuwa na mtu wa kumwita."

Mfumo ukaniuliza kama nalikubali badiliko. Nikakubali.